Umekosa kozi ya kompyuta au biashara? Soma hivi dirisha la pili la KUCCPS

Kila mwaka KUCCPS wakimaliza awamu ya kwanza ya kuwapangia wanafunzi vyuo, simu yangu haipumziki. Wanapiga wazazi wa Mtongwe, Timbwani, Mlaleo, Bamburi, Chaani mpaka Mikindani, na swali lao huwa moja: mtoto alipata C+, ameomba kompyuta au biashara, ameambiwa hakufaulu. Sasa? Sauti zenyewe ni za watu walioketi matangani.

Hakuna aliyekufa. Baada ya awamu ya kwanza hufunguliwa dirisha la kurekebisha machaguo, hasa kwa waliokosa na kwa wale ambao hawakuomba kabisa. Lakini dirisha hilo hukaa siku chache tu, na vijana wetu wengi hulipoteza kwa namna mbili. Ama wanarudisha orodha ile ile iliyowakatalia, wakitaraji safari hii bahati itageuka, ama wanajaza chochote kilichobaki bila kujua ni nini. Yote mawili yanatokana na kutoelewa mashine inapanga vipi, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze kwa utulivu.

Kwanza tujue tuko wangapi mlangoni. Katika KCSE ya 2024 walifanya mtihani watahiniwa 962,512, na waliopata C+ kwenda juu ni 246,391. Hao wote wanastahili kuomba digrii. C+ basi ni tikiti ya kuingia uwanjani, haikuhakikishii kiti. Mzazi anayesema "mwanangu amefaulu, mbona wamemnyima?" anachanganya vitu viwili.

Ukiomba kozi unapita kwenye chujio mbili. Ya kwanza ni masharti ya masomo. Sayansi ya Kompyuta, kwa mfano, itakuuliza hisabati, na vyuo vingi vitakuuliza na fizikia. Usipofikia gredi iliyotajwa kwenye somo hilo, hata uwe na A ya jumla, umetoka. Ya pili ni alama za klasta. Hapa huchukuliwa masomo manne yanayohusiana na kozi, kila moja kwa pointi 12, jumla 48, kisha yakapimwa pamoja na pointi zako za masomo saba, ambazo mwisho wake ni 84. Waombaji wote wa kozi hiyo hupangwa foleni kuanzia mwenye alama nyingi, viti vinajazwa, na alama za yule wa mwisho kupata kiti ndizo tunazoziita "cut-off".

Hapo pa cut-off tupakazie macho. Si alama iliyowekwa na chuo kabla ya mtihani. Inazaliwa na foleni yenyewe. Ile unayoiona kwenye tovuti unapoomba ni ya miaka iliyopita, nayo inakupa picha tu. Kozi ikipendwa na wengi mwaka huu, itapanda. Ikisahaulika, itashuka.

Tuchukue mwanafunzi wa kubuni kutoka Kisauni. Hisabati C+, Kiingereza B-, Kiswahili C (mtoto wa Pwani na C ya Kiswahili, aibu hiyo tutaizungumza siku nyingine), fizikia C-, kemia C, IRE B, na biashara B-. Kwa pointi ni 7, 8, 6, 5, 6, 9 na 8. Jumla 49, yaani C+ safi. Tumpime kwa njia ambayo walimu wengi huitumia: gawa pointi za klasta kwa 48, gawa jumla kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Kwa upande wa kompyuta atahesabiwa hisabati 7, fizikia 5, kemia 6, na somo jingine lililo bora, IRE 9. Hizo ni 27, na hesabu inatoa kama 27.5. Kwa upande wa biashara atahesabiwa hisabati 7, Kiingereza 8, IRE 9 na biashara 8. Hizo ni 32, na hesabu inatoa kama 29.9. Mtoto ni yule yule, cheti ni kile kile, lakini kwenye foleni moja yuko mbele ya mwenzake kwa zaidi ya alama mbili. Alama mbili kwenye foleni hizi ni watu wengi sana. Hesabu ya walimu inakaribia tu. Namba rasmi zako za kila klasta utazikuta kwenye akaunti yako ya KUCCPS, na hizo ndizo za kuandika kwenye karatasi kabla hujagusa chochote. Na mwaona IRE ilivyombeba pande zote mbili. Wale wanaowaambia watoto wetu kwamba somo la dini halina faida mbele ya safari, waonyesheni hesabu hii.

Sasa tuje kwenye dirisha lenyewe. Katika awamu ya pili viti vilivyokwisha kujazwa havirudi. Unachoonyeshwa ni kozi zenye nafasi zilizobaki. Kwa hivyo kijana aliyekosa Sayansi ya Kompyuta katika chuo kikubwa cha Nairobi asipoteze chaguo kwa kuipanga tena. Aulize: kati ya vilivyobaki, ni wapi alama zangu zinanipa nafasi ya kweli? Familia ya kompyuta ni pana. Kuna Teknolojia ya Habari, kuna kozi zinazochanganya biashara na teknolojia ya habari, na masharti yake hutofautiana chuo hadi chuo. Upande wa biashara wote wanakimbilia B.Com na uhasibu, ilhali kuna ununuzi na ugavi, usimamizi wa rasilimali watu, na usimamizi wa utalii na hoteli. Mji huu unaishi kwa bandari. Mtu wa Changamwe anayelala akisikia malori ya makontena usiku kucha hahitaji kuelezwa kazi ya ugavi.

Anayeomba digrii ana machaguo sita: 1a, 1b, 1c, kisha 2, 3 na 4. Ayajaze yote. Nimeona watu wakijaza mawili na kuacha manne wazi, eti ndio kuonyesha msimamo. Mashine haijui msimamo. Mimi ningeshauri la kwanza liwe la kutamani, ya katikati yawe yale ambayo alama zako zinalingana na cut-off za nyuma, na la mwisho liwe lile ambalo alama zako zinalipita kwa wazi na bado uko radhi kulisoma miaka minne. Sehemu ya "uko radhi" isirukwe. Kiti kilichobaki chuo cha mbali, kwa kozi ambayo hata jina lake hulielewi, kinaweza kuwa mzigo kuliko kukosa.

Kisha kuna saiba. Sina ugomvi na vijana wa saiba, wengi wanatusaidia. Lakini akaunti ya KUCCPS hufunguliwa kwa namba ya mtihani wa KCSE, mwaka wa mtihani, na neno la siri la kuanzia ambalo ni namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE. Ukiziacha namba hizo kwenye daftari la mtu, umempa ufunguo. Badilisha neno la siri siku ya kwanza, weka namba yako ya simu na barua pepe yako, usiweke ya saiba, na usiondoke kabla hujasoma kwa macho yako orodha ya mwisho iliyohifadhiwa. Ada hulipwa kwa njia rasmi ya serikali inayoonyeshwa kwenye tovuti yenyewe, haipelekwi kwa simu ya mtu. Na yule anayesema ana mtu ndani wa "kukusukumia" jina, mwache aende zake. Foleni inapangwa kwa alama. Ukikwama, kuna Huduma Centre pale mjini. Nauli ya kutoka Mtopanga ni ndogo kuliko hasara ya kudanganywa.

Nizungumze na wale wa diploma, kwani nao wana awamu hii hii ingawa hawatajwi. C- inakuwezesha kuomba diploma, na D inakuwezesha kuomba kozi ya cheti. Kuna wazazi wanaoona kumpeleka mtoto mwenye C+ kusoma diploma ni kumshusha hadhi. Mimi nina diploma na sijaona hadhi ikinidondoka njiani. Kijana aliyekosa digrii ya kompyuta kwa sababu ya fizikia, akasoma diploma ya teknolojia ya habari pale Kenya Coast National Polytechnic akitokea nyumbani, anaweza kuomba digrii baadaye kwa cheti hicho akifaulu vizuri, na kuna vyuo vitakavyompunguzia baadhi ya masomo aliyokwisha kuyafanya. Gharama ya kulala na kula Eldoret au Kisumu, weka kando.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, pale Tudor, nacho kilianza kwa ufundi. Wazee wanakikumbuka kwa jina la MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyoasisiwa miaka ya 1940 kwa michango iliyomjumuisha Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Bohra. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Polytechnic, na 2013 ikawa chuo kikuu kamili. Ilikusudiwa watoto wa mwambao huu, na ina kozi za biashara na za kompyuta. Iangalieni kabla ya kuvuka Mto Sabaki au Mariakani.

Aliyepangiwa nafasi asiyoitaka ana mlango mwingine: uhamisho kati ya vyuo, ambao hufunguliwa baada ya nafasi kutangazwa. Hapo cut-off ya mwaka wako inajulikana, na sharti uifikie kwa kozi unayoitaka. Chuo unachotoka kinakubali kukuachilia, chuo unachokwenda kinakubali kukupokea. Usikatae nafasi uliyopewa ukitegemea uhamisho. Ishike kwanza.

Wanaoniuliza kuhusu uzamili wa biashara au wa kompyuta, nyinyi hampiti KUCCPS. Mnaomba moja kwa moja katika chuo chenyewe, kila chuo kwa tarehe zake.

Limebaki la fedha, na hapa ndipo nyumba nyingi za Likoni hukwama baada ya shangwe. Kupangiwa nafasi si kulipiwa karo. Ufadhili na mkopo wa serikali huombwa kando, kupitia tovuti ya HEF, na mwanafunzi atajibu maswali marefu kuhusu hali ya nyumbani. Yajibiwe kwa ukweli na kwa hati: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo kwa yatima. Fahamuni pia kwamba anayechagua chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, lakini ule ufadhili usiorudishwa hapati. Na aliyejiingiza chuoni mwenyewe bila kupitia KUCCPS, ufadhili huo haumhusu. Katika dirisha la pili jambo hili huuma zaidi, kwani baadhi ya nafasi zinazobaki huwa ni za vyuo vya kibinafsi.

Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Najua nyumba ambazo mtoto amebaki barazani kwa sababu hiyo, na siwacheki. Ni suala la dini, na fatwa ni ya masheikh, si ya mwandishi wa safu. Ninalosema ni kwamba ufadhili hauna riba wala haurudishwi, kwa hivyo familia isiache kila kitu ikidhani vyote ni mkopo. Bazari za NG-CDF za Likoni, Kisauni, Nyali, Changamwe, Jomvu na Mvita nazo si mkopo. Uliza ofisi ya eneo lako fomu zinatoka lini, na uende ukiwa umechapisha barua ya kuitwa chuoni.

Na ikifika siku ya kuripoti mfuko bado mtupu, usinyamaze ukapotea. Andikia chuo mapema kuomba kuahirisha masomo, toa sababu, na ubaki na majibu yao kwa maandishi. Kiti kilichoahirishwa kwa barua hukingoja. Aliyenyamaza hujikuta mwaka wa pili yuko saiba tena, anaanza upya.