Stara, Pambo na Hija: Msamiati wa Vazi la Binti Mkatoliki Subukia

Utangulizi

Mapema mwezi wa Oktoba kila mwaka, mwezi ambao Kanisa Katoliki limeutenga kwa sala ya rozari, waumini kutoka pembe mbalimbali za Kenya humiminika Subukia kwa siku ya maombi ya kitaifa. Mji huu mdogo upo bondeni, kwenye barabara itokayo Nakuru kuelekea Nyahururu, karibu na ikweta. Mlimani, juu ya bonde hilo, ndipo palipo Kijiji cha Maria Mama wa Mungu, kituo cha kitaifa cha hija cha Wakatoliki wa Kenya. Huko mahujaji husali Njia ya Msalaba, huadhimisha Misa, na huteka maji ya chemchemi wakayabeba makwao.

Miongoni mwa mahujaji hao ni mabinti. Baadhi yao ni wanafunzi, wengine wachuuzi sokoni, wengine mafundi wa cherehani. Kwa binti wa namna hii, suala la vazi si dogo. Anataka nguo itakayompendeza, itakayomfaa safarini, na ambayo haitamwondolea heshima mbele ya altare. Makala haya yananuia kueleza msamiati ambao Kiswahili kimempa binti huyo wa kulizungumzia vazi lake, hususan neno stara. Hoja kuu ni kwamba, kwa jinsi neno hili linavyotumika katika lugha, stara ni tendo la mwenye vazi mwenyewe. Haiwezi kutekelezwa juu ya mwili wake na mtu mwingine kwa nguvu.

Kiswahili cha mahujaji

Bonde la Ufa la kati ni makutano ya jamii nyingi. Jirani wa msemaji wa Kikuyu huenda ni msemaji wa Kikalenjini, na wa tatu akawa ametoka Kisii au Turkana. Kiswahili basi ndicho kinachowawezesha kusali pamoja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965) ulifungua mlango huo kwa Hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, iliyoruhusu lugha za wenyeji zitumike katika ibada zilizokuwa zikiendeshwa kwa Kilatini.

Msamiati wanaoutumia waumini hawa umetoka mbali. Maneno hija, sala, toba, rehema, sadaka na malaika yana asili ya Kiarabu, na yalikwisha kuota mizizi pwani miongoni mwa Waislamu kabla ya wamisionari wa karne ya 19 kuyaazima. Kwa upande mwingine, rozari limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya bustani ya mawaridi, ilhali padri ni neno la Wareno. Leso, ambalo binti hujifunga kiunoni au kichwani, nalo ni la Kireno, lugha ambamo lilimaanisha kitambaa cha mkononi. Kwa hivyo binti Mkatoliki anayepanda mlima wa Subukia akiwa na leso na rozari anakwenda hija kwa maneno ya Kiislamu, ya Kireno na ya Kilatini, na yote ni Kiswahili chake. Ni katika hazina hii iliyochanganyika ndimo lilimo neno stara.

Maana ya stara

Stara, au sitara, ni nomino inayohusiana na kitenzi sitiri, nacho kimetokana na Kiarabu chenye maana ya kufunika au kukinga. Maana hiyo ya msingi imetanuka sana katika Kiswahili. Sitara yaweza kuwa pazia. Mtu asiye na makao hutafuta nyumba ya kujisitiri. Jirani mwema humsitiri mwenzake kwa kutoyatangaza mapungufu yake. Hata maiti husitiriwa, yaani huzikwa kwa heshima. Vazi ni tawi moja tu la mti huu mkubwa.

Katika matumizi yote hayo, kusitiri ni kumkinga mtu asiaibike. Anayefunikwa hafunikwi kwa kuwa ni kitu kibaya, bali kwa kuwa ana thamani. Hapa ndipo neno hili linapokutana na mafundisho ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inalizungumzia suala hili katika aya za 2521 hadi 2524. Inaieleza staha kuwa ulinzi wa undani wa mtu na ishara ya kuitambua hadhi yake. Aidha, inakiri kwamba namna za kuidhihirisha hutofautiana kutoka utamaduni mmoja hadi mwingine. Kwa mujibu wa maelezo hayo, hakuna kipimo kimoja cha urefu wa sketi kinachoweza kutumika ulimwenguni kote.

Maana hii pana inatoa mwanga pia kuhusu mlezi wa kituo cha Subukia. Injili ya Yohana inasimulia harusi ya Kana, ambako divai iliwaishia wenyeji. Maria ndiye aliyeiona hatari ya fedheha hiyo, akamwendea mwanawe bila ya kuwatangazia wageni. Kwa Kiswahili, kitendo hicho kina jina: Maria aliwasitiri maarusi. Binti anayejitahidi kumwiga Maria, basi, ana wajibu mpana kuliko kuvaa shela kama ya sanamu yake. Anaitwa kuwasitiri wengine kwa ulimi na kwa matendo, katika jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwao, kazini na nyumbani. Mwenye leso kubwa kichwani anayeeneza siri za jirani yake amekosa stara, hata kama amefunikwa kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu.

Kujipamba na kujisitiri

Wengi hudhani kwamba pambo na stara ni mahasimu, yaani binti akitaka kupendeza sharti apunguze stara, na akitaka stara sharti auage urembo. Andiko linalorejelewa mara nyingi katika mjadala huu ni Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, aya ya 9. Inafaa kuichunguza lugha ya tafsiri ya Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952. Katika aya hiyo mna vitenzi viwili vinavyohusu mavazi, jipamba na jisitiri, na vyote viwili vina kiambishi kirejeshi -ji-.

Jambo hili lina uzito wa aina mbili. Kwanza, mwanamke anahimizwa kujipamba, na kule kujisitiri ni namna ya pambo hilo. Pili, kiambishi -ji- kinamfanya mwanamke mwenyewe kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Hakuna mtenda wa tatu anayeingilia kati. Sarufi ya tafsiri hiyo imemwachia mwenye mwili dhamana ya mwili wake.

Historia ya sheria za Kanisa nayo ina funzo linalokaribiana na hili. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, katika kanuni ya 1262, uliwataka wanawake wafunike vichwa kanisani. Mkusanyo wa mwaka 1983, ulioutangua ule wa kwanza, hauna agizo hilo. Kwa hivyo binti anayejifunga kitambaa kichwani kwenye Misa leo hii hashurutishwi na kanuni hiyo. Anafanya hivyo kwa hiari, kwa ibada, kwa desturi ya kwao, au kwa kuwa kinampendeza. Anayekaa kichwa wazi hajavunja sheria.

Wahenga nao walikwisha kunena: nguo ya kuazima haisitiri makalio. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayetegemea cha mwenzake, lakini inafaa pia hapa. Stara iliyoazimwa, ile inayovaliwa kwa kuogopa macho ya watu, haimkingi aliyeivaa.

Kazi ya fundi

Kusema kwamba stara ni tendo la mtu mwenyewe ni kusema vilevile kwamba ni kazi, na kazi hii ina ufundi wake. Nguo nyingi zinazovaliwa Kenya ni za mitumba. Nguo hizo zilishonwa kwa miili mingine, kwa hali nyingine ya hewa na kwa desturi nyingine. Binti mwenye cherehani huinunua sketi iliyo fupi kwa mapenzi yake, akaiongezea kipande cha kitenge chini. Blauzi nyepesi huitia bitana. Rinda lililolegea hulibana kiunoni kwa lastiki. Hapo ubunifu na stara hushikana mikono, kwani kile kipande kilichoongezwa ili kufunika ndicho kinacholipa vazi uzuri wake.

Hija ya Subukia nayo ina masharti yake ya kifundi. Hujaji hutembea, hupanda mlima, hupiga magoti, huketi nyasini, kisha huinuka tena. Nguo inayomtosha mtu akiwa amesimama mbele ya kioo yaweza kupanda juu mno anapoketi, au ikambana mapaja anapopiga goti. Kwa sababu hiyo, fundi mwangalifu hupima urefu mteja akiwa amesimama na vilevile akiwa ameketi. Mpasuo huuweka mahali utakaporuhusu hatua bila kufunguka kupita kiasi. Kitambaa chenyewe nacho hakina budi kuwa na uzito wa kustahimili upepo na baridi ya nyanda za juu, lakini kisiwe kizito hata kikamlemea mvaaji. Maamuzi haya yote ni ya kiufundi, na yote yanahusu utu: yanalenga kumwezesha mtu kusali pasipo kuishughulikia nguo yake kila dakika.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake kwa wasanii ya tarehe 4 Aprili 1999, alitofautisha kati ya Muumba, anayetoa kitu pasipo na kitu, na fundi, anayekipa umbo na maana kitu kilichopo tayari. Aliongeza kwamba si wote walioitwa kuwa wasanii kwa maana mahsusi ya neno hilo, lakini kila mtu amekabidhiwa kazi ya kuyafinyanga maisha yake mwenyewe. Kiswahili kinaishika tofauti hiyo barabara, kwa kuwa kuumba na kubuni ni vitenzi viwili tofauti. Binti wa Subukia haumbi kitu. Hupokea mtumba, kitenge, uzi na mwili aliojaliwa, kisha akabuni. Kwa mtazamo huo, meza ya cherehani haiko mbali sana na altare. Rozari aliyoisali alfajiri na pindo analolikunja adhuhuri ni vipande vya siku moja ya utumishi.

Stara inapogeuzwa silaha

Maelezo haya yasingekuwa na uzito mkubwa iwapo suala lenyewe lingeishia kwenye uzuri wa mavazi. Mnamo Novemba 2014, wanawake kadhaa walishambuliwa na kuvuliwa nguo hadharani nchini Kenya na makundi ya wanaume waliodai kwamba hawakuvaa kwa heshima. Tarehe 17 Novemba 2014, wanawake waliandamana jijini Nairobi wakidai kwamba nguo ni yao na hiari ni yao. Mwaka huo huo Bunge lilirekebisha sheria, na Kanuni ya Adhabu ikapata kifungu cha 251A. Chini yake, anayemvua mtu nguo kwa nguvu ili kumdhalilisha hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10.

Lugha ya kifungu hicho ni muhimu. Kosa linalotajwa ni kuitusi stara ya aliyevuliwa. Sheria, kwa maneno mengine, inaichukulia stara kuwa mali ya mwanamke mwenyewe, ambayo mwingine anaweza kuikosea. Haiichukulii kuwa deni ambalo umma unaweza kumdai barabarani.

Kiswahili kinalithibitisha hilo kwa njia yake. Kitenzi vaa kina kinyume chake katika kauli ya kutendua, yaani vua, na mtu anaweza kumvua mwenziwe nguo. Kitenzi sitiri hakina kauli hiyo. Sababu ya kisarufi ni kwamba vitenzi vya mkopo kwa kawaida havichukui mnyambuliko wa kutendua. Hata hivyo, matokeo yake katika maana yanastahili kuzingatiwa. Mtu akitaka kutaja kinyume cha kusitiri hulazimika kutumia vitenzi kama aibisha, fichua au fedhehesha, na hivyo vyote humwelekezea lawama anayetenda. Kundi linalomvua binti nguo kwa madai ya kutetea stara limefanya kile hasa ambacho stara iliwekwa kukizuia.

Onyo hili linayahusu pia makosa madogo ya kila siku: kejeli za vijana njiani, minong'ono ya kina mama kwenye viti vya nyuma, au tangazo linalomtaja binti fulani mbele ya waumini wenzake. Mwenye nia ya kumwelekeza binti humwita kando. Huko ndiko kumsitiri.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba neno stara katika Kiswahili linajumuisha vazi, makao, siri na jina jema. Kwamba kujipamba na kujisitiri ni matendo mawili ya mtenda mmoja. Na kwamba ufundi wa cherehani ni mahali ambapo imani na ubunifu hukutana kwa vitendo. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, mfano huu wa Subukia unadhihirisha faida ya kulichunguza neno katika mazingira ya watu wanaolitumia, kanisani, sokoni na kwa fundi. Kwa jamii kwa jumla, unabainisha wajibu uliomo ndani ya neno lenyewe. Anayemtaka binti awe na stara na aanze yeye kwa kumsitiri.