Mtihani wa Udaktari Haungoji Mwaka wa Mwisho

Mzazi ambaye mwanawe anasomea udaktari nje ya Marekani, naye anatamani kwenda kufanya kazi huko, hana budi kuihesabu miezi kinyumenyume. Mafunzo ya kazi hospitalini huanza Julai. Waliopata nafasi hujulishwa Machi. Maombi hupelekwa Septemba ya mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo, yafaa mitihani miwili ya kwanza ya leseni, ijulikanayo kwa kifupi kama USMLE, iwe imekwisha kufanywa.

Ule wa kwanza ndio wa kuuanzia mapema. Huchukua siku moja, muda wa saa nane, nao huuliza anatomia, fiziolojia, baiokemia na jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini. Yaani masomo ya miaka ya mwanzo. Mwanafunzi huweza kuufanya akishatimiza miaka miwili chuoni. Auahirishaye hadi mwaka wa mwisho hulazimika kuyafufua aliyokwisha kuyasahau, huku zamu za wodini zikimkabili.

Tangu Januari 2022 matokeo yake hayaonyeshi alama, bali kufaulu au kushindwa tu. Asidhani mtu kwamba umekuwa mwepesi! Kushindwa hubaki katika kumbukumbu, na hospitali hukuona. Na aliyejaribu mara nne bila kufaulu hafunguliwi mlango tena. Mtihani wa pili ungali na alama, na hizo ndizo zinazopimwa sasa.

Ada hutozwa kwa dola. Akiba ianze kuwekwa tangu mwaka wa kwanza, na kijana apewe saa moja ya utulivu kila jioni.