Mlimani Hakuna wa Kukukinga Upepo

Jumapili ya tarehe 28 Septemba 2025, waendesha baiskeli zaidi ya 160 waliondoka kwenye mstari mjini Kigali kuanza mbio za kilomita 267.5. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa yamefika Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake, na Rwanda iliwaandalia wageni njia ambayo, ukijumlisha vilima vyake vyote, ilikuwa na mita 5,475 za kupanda. Zingeongezwa mita 420 nyingine, wangekuwa wamepanda kimo chote cha Kilimanjaro kuanzia usawa wa bahari.

Zikiwa zimebaki takriban kilomita 104, kwenye mlima Kigali, Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka. Waliomfuata ni wawili, Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Mexico. Siku hiyo kila mmoja alivaa jezi ya taifa lake, lakini mwaka mzima wote watatu walikuwa wakipanda baiskeli katika timu moja ya kulipwa, wakila meza moja na kufanya mazoezi barabara moja. Barabara ingekuwa tambarare, watu watatu wanaofahamiana hivyo wangepokezana kukaa mbele na kufika mbali pamoja. Ilikuwa ya vilima. Ayuso aliachwa mapema, Del Toro akaachwa baadaye, na Pogačar akamaliza kilomita 66 za mwisho peke yake hadi kwenye ubingwa.

Kilichowatenganisha kinaweza kupigiwa hesabu.

Tuchukue mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 80. Kwenye tambarare, akienda kilomita 40 kwa saa, miguu yake inapaswa kutoa wati 330 hivi. Kati ya hizo, karibu 290 zinaishia kusukuma hewa iliyo mbele yake, na zilizobaki zinapotelea zaidi kwenye msuguano wa matairi na lami. Rafiki akitangulia, naye akajibana nyuma ya tairi la rafiki huyo, karibu theluthi ya gharama ya upepo inaondoka, yaani wati 90 na ushei anazopewa bure. Katikati ya kundi kubwa faida inakuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 2018 Bert Blocken na wenzake wa Eindhoven, Uholanzi, walichunguza kundi la waendesha baiskeli 121 kwa kompyuta na kwa mifano iliyowekwa ndani ya handaki la upepo. Waligundua kwamba aliye ndani kabisa ya kundi anakabiliwa na asilimia 5 hadi 10 tu ya upinzani wa hewa ambao angekutana nao akiwa peke yake.

Sasa mpeleke mtu yuleyule kwenye mwinuko wa asilimia 10, barabara inayopanda mita 10 kwa kila mita 100. Kasi yake inashuka hadi kilomita 10 kwa saa. Anatoa wati 230 hivi, na zaidi ya 215 kati ya hizo zinakwenda kwenye kazi moja tu ya kuunyanyua uzito. Upepo unachukua nne au tano. Hata akibanana na mgongo wa rafiki yake mpaka matairi yakaribie kugusana, anaokoa wati moja au mbili, kiasi ambacho mguu hauwezi hata kukihisi.

Wenye kasi kubwa wako tofauti kidogo. Mwaka 2008 Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, walipelekwa Ufaransa kujipima kwenye Alpe d'Huez, mlima wenye kona 21 na kilomita 13.8 za kupanda, unaojulikana na kila anayefuatilia Tour de France. Nderi aliumaliza kwa dakika 42 hivi. Huo ni mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa kwenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8, na kwa kasi hiyo hewa inaanza tena kudai chake. Kumfuata mwenzako kwa karibu hapo kunaweza kuokoa wati kumi hivi. Kinga ya upepo mlimani, kwa hiyo, humsaidia yule mwenye nguvu tayari. Anayesota kwa kilomita 8 kwa saa ndiye anayeihitaji zaidi, na haipati.

Mwili nao una madai yake. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na inayobaki inakuwa joto. Anayetoa wati 230 kwenye pedali anazalisha pia karibu wati 700 za joto ndani ya kiwiliwili chake. Akiwa tambarare, upepo ule unaomchosha ndio unaompoza. Akipanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, upepo huo haupo. Jasho halikauki; linadondoka kwenye mpini na kwenye bomba la juu la fremu, na jasho lililodondoka halijampoza mtu. Kimo nacho huongeza taabu: Kigali, kwa mfano, iko kwenye kimo cha takriban mita 1,500 ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo zaidi.

Kisha kuna gia, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa kabla hata ya kuanza. Baiskeli yenye meno 34 mbele na 34 nyuma husogea kama mita 2.1 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Kwa kilomita 8 kwa saa, mwenye gia hiyo anazungusha pedali mara 63 kwa dakika, mwendo ambao goti linauvumilia. Mwenye meno 39 mbele na 25 nyuma, kwa kasi ileile, anazungusha mara 40 tu. Kazi ni ileile, lakini kila mkanyago ni mzito zaidi kwa nusu nzima. Mtazame kwa karibu: mabega yanayumba kushoto na kulia, tairi la mbele linachora nyoka barabarani, na kila pedali inapofika juu baiskeli inakaribia kusimama. Wachukuzi wa ndizi wa Burundi, wenye baiskeli za gia moja, hawana hata nafasi ya kuchagua. Wakishashusha mikungu Bujumbura, wengi hurudi milimani wakiwa wameshika nyuma ya malori yanayopanda kuelekea Bugarama. Fizikia ya tendo hilo haina kasoro, lakini linaua watu.

Ikiwa mlima unamwachia kila mtu mzigo wake, mbona watu wanaupanda kwa makundi? Kila Agosti, kwenye Mount Washington katika jimbo la New Hampshire, Marekani, mamia ya watu wa kawaida hushindana kupanda kilomita 12.2 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 12, na mita za mwisho zinafika asilimia 22. Taiwan wana mbio zinazoanzia ufukweni na kuishia mita 3,275 juu, umbali wa kilomita 105. Katika mbio za namna hii wapo walimu, mafundi na wauguzi waliofanya mazoezi pamoja kwa miezi kadhaa, wakijua vizuri kwamba ikianza ile sehemu ngumu hakuna atakayeweza kumvuta mwenzake.

Swali hili lina historia ndefu, na lilianzia kwenye baiskeli. Mwaka 1898 Norman Triplett wa Chuo Kikuu cha Indiana alipekua kumbukumbu za mbio za baiskeli za Marekani akaona kwamba waliokimbizana na saa peke yao walikuwa wa polepole kuliko waliokuwa na mwenza wa kuwawekea kasi au mpinzani wa kushindana naye. Triplett alijua kuwa upepo unaweza kuwa sababu mojawapo. Ili auondoe kwenye hesabu, aliwapa watoto kazi ya kuzungusha roda za kuvulia samaki, wakiwa peke yao na wakiwa wawiliwawili. Kati ya watoto 40, nusu waliongeza kasi walipokuwa na mwenzao, robo hawakubadilika sana, na robo walipunguza kasi. Takwimu zake zilipopimwa upya mwaka 2005 kwa mbinu za kisasa, tofauti ilionekana kuwa ndogo sana. Lakini ile robo ya mwisho inastahili kukumbukwa, kwa sababu kuna watu ambao kuwa na mwenza kunawaharibia.

Kinachowaharibia mlimani kinaeleweka. Kila mtu ana kiwango cha nguvu anachoweza kukidumisha kwa muda mrefu, na juu ya kiwango hicho ana akiba ndogo, kwa wengi karibu kilojouli 20. Tuseme kiwango chako ni wati 250. Marafiki wanaondoka kwa 300, nawe hutaki kuachwa. Unazidisha wati 50, na akiba ya jouli 20,000 inakwisha ndani ya sekunde 400, yaani chini ya dakika saba. Kwenye mlima wa saa moja na nusu, dakika saba zinakufikisha kwenye kona ya pili. Baada ya hapo akiba hairudi mpaka ushuke chini ya kiwango chako, na kwenye mwinuko wa asilimia 12 kushuka chini ya kiwango mara nyingi maana yake ni kusimama.

Upande wa pili wa shilingi uligunduliwa na Otto Köhler, mwanasaikolojia wa Ujerumani, katika miaka ya 1920. Aliwachukua wapiga makasia wa klabu moja ya Berlin akawapa chuma cha kunyanyua mpaka wachoke, kwanza mmojammoja, kisha wakishirikiana kwenye chuma kimoja kizito zaidi. Walio dhaifu walidumu muda mrefu zaidi walipokuwa na wenzao, kwa kuwa mmoja akiachia, kazi ya wote imekwisha. Na faida ilikuwa kubwa zaidi pale tofauti ya nguvu ilipokuwa ya wastani. Waliolingana kabisa hawakusukumana sana. Waliopishana mno, mnyonge alikata tamaa.

Karibu karne moja baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State walilirudia wazo hilo kwa baiskeli za mazoezi. Wanawake waliopewa mwenza wa kwenye skrini aliyewazidi kidogo, wakaambiwa kwamba alama ya timu ni muda wa yule atakayeacha kwanza, walikanyaga karibu mara mbili ya muda wa waliokuwa peke yao. Mwenza mwenyewe hakuwepo chumbani. Walichokuwa nacho ni picha na wajibu.

Lipo pia jaribio lililoligusa jicho lenyewe. Mwaka 2008 Simone Schnall na wenzake waliwasimamisha watu mbele ya kilima wakiwa na begi zito mgongoni na kuwataka wakadirie ukali wa mwinuko. Waliosimama na rafiki waliuona kuwa mdogo kuliko waliosimama peke yao, na kadiri urafiki ulivyokuwa wa miaka mingi ndivyo kilima kilivyozidi kulala. Wanasayansi wengine wameipinga tafsiri yake, wakisema washiriki huenda walibashiri kinachotafutwa na kujibu ipasavyo. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kulichukulia jaribio hili kama neno la mwisho. Ushahidi wa maumivu una msingi tofauti: Chuo Kikuu cha Oxford kilipima wapiga makasia wake kwa mkanda wa kupimia shinikizo la damu, na baada ya mazoezi ya pamoja walistahimili kubanwa zaidi kuliko baada ya mazoezi yaleyale waliyoyafanya peke yao. Watafiti hao wanaamini kwamba kufanya juhudi kwa pamoja huongeza endofini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea kutuliza maumivu. Kundi lilikuwa dogo, watu 12, lakini kwa mtu aliyebakiza kilomita tatu huku mapaja yanawaka, hiyo ndiyo faida anayoihitaji.

Anayejiandikisha na wenzake kwa mbio za mlimani afanye basi mambo machache. Wakubaliane kabla ya siku kwamba theluthi ya kwanza ya mlima kila mtu ataipanda kwa mwendo wake, hata kama wataachana kwa dakika tano, kwa sababu hapo ndipo akiba huibwa. Kwa mazoezi achague mwenza anayemzidi kidogo, asitafute bingwa wa mtaa. Anunue gia nyepesi kabla ya kununua viatu vya bei. Na kama mbio ni za Mount Washington, atafute mapema rafiki mwenye gari: waandaaji hawaruhusu mshindani yeyote kushuka mlima ule kwa baiskeli.