Kabla ya Kununua Sabuni, Jua Maji Yake Yanakokwenda

Maji ya kudekia nyumba ya Mbagala, Dar es Salaam, hayaendi mbali. Yanamwagwa uani, yanaingia mtaroni au yanateremka kwenye shimo la choo, na hatua chache kutoka hapo pana kisima cha jirani. Mtandao wa majitaka wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, unafikia sehemu ndogo tu. Chamazi, Toangoma, Tandale na Bunju, nyumba nyingi zina shimo lao, na mara nyingi ardhi yenyewe ni mchanga unaopitisha maji kwa urahisi. Masika yakianza, vilivyobaki mitaroni husombwa hadi mitoni. Temeke kuna Kizinga, mto ambao maji yake husafishwa kwenye mtambo wa Mtoni na kurudi kwetu kwa bomba.

Kwa hiyo ninapoulizwa sabuni ipi ni rafiki wa mazingira, siangalii kwanza jani la kijani lililochorwa kwenye chupa. Jani hilo yeyote anaweza kulichora. Nauliza maji ya sabuni hiyo yataishia wapi.

Sabuni nyingi za unga, na karibu zote za maji zinazokorogwa mitaani, hutegemea asidi ya salfoniki, ule uji mzito wa kahawia unaouzwa kwa kilo. Katika miaka ya 1950, sabuni za jamii hii zilitengenezwa kwa kemikali ambayo bakteria hawakuweza kuimaliza, na mito ya Ulaya na Marekani ikafunikwa na povu. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, na kufikia katikati ya muongo huo viwanda vilianza kuhamia aina inayooza, ambayo ndiyo tunayotumia leo. Tatizo ni kwamba bakteria wanaoiozesha wanahitaji oksijeni. Kwenye mto, maji yakitiririka, wanaipata. Ndani ya shimo la choo hawaipati, na kemikali hukaa humo muda mrefu. Lebo inayosema sabuni inaoza haijasema inaoza wapi.

Sabuni ya mche iliyopikwa kwa mafuta ya mawese au nazi huoza vizuri hata pasipo na hewa. Ndiyo maana kwa nyumba yenye choo cha shimo naiweka mbele ya chupa yoyote ya bei kubwa kutoka ng'ambo. Sabuni ya mawese ya Kigoma inafaa kabisa kwa vyombo, sakafu na nguo. Ina udhaifu mmoja ambao watu wa Mbagala wanaujua: kwenye maji ya kisima yenye chumvichumvi haitoi povu, inaacha utando mweupe. Hapo tumia maji ya mvua au ya bomba kama yapo, na ukilazimika kutumia sabuni ya maji, tia kidogo. Tumezoea kuamini kwamba povu jingi ndiyo usafi, na sivyo. Dodoki, kumbi la nazi na majivu yaliyochekechwa hufanya nusu ya kazi kabla sabuni haijaguswa. Siki na magadi navyo ni vizuri, kila kimoja peke yake. Ukivichanganya, kama wengi wanavyoshauriana siku hizi, kimoja hukiua kingine na unabaki na maji ya chumvi.

Upande wa haki kwa wanaotengeneza sabuni una uzito uleule. Sabuni ya maji ni mradi wa vikundi vingi vya kina mama na vijana, vingine vikiwa vimeanza kwa mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Napenda fedha yetu ibaki kwao. Lakini wengi hukoroga asidi na kostiki mikono mitupu, bila miwani, watoto wakiwa pembeni. Wengine hutia fomalini ili sabuni isiharibike, kemikali ambayo tangu mwaka 2004 imewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la zinazosababisha ugonjwa huo kwa binadamu. Kisha sabuni inatiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti.

Kuhusu jiki, sikubaliani na wanaotaka ifukuzwe nyumbani. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, klorini, ile iliyomo kwenye jiki, iliokoa watu. Palipo na matapishi au kinyesi cha mgonjwa, itumie: sehemu moja ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Kuimwaga kila siku kwenye choo cha shimo ni jambo jingine, kwa sababu inaua bakteria wanaopunguza uchafu na shimo linaweza kujaa mapema. Na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka huunguza mapafu.

Dada unayeuza sabuni gengeni, andika kwenye chupa jina la kikundi, vilivyomo na tarehe, na uwaone SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, kuhusu alama ya ubora. Nawe mnunuzi, muulize fundi wako wa sabuni kama anavaa glovu na kama anatia fomalini. Akikosa jibu, nunua mche.