Mchawi Achague Cheo Gani?

Jumamosi moja mpwa wangu aliingia kwangu na kitabu kikubwa chenye pembe zilizokunjika, akakiweka mezani kando ya kikombe changu cha chai, akaniuliza: "Mjomba, mchawi wangu amefika ngazi ya 3. Nimpeleke wapi?"

Msomaji asidhani kuwa nyumba yangu imeingiliwa na mambo ya usiku. Uchawi wenyewe ni wa karatasi, penseli na dadu. Ni mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani, mmoja akawa msimamizi wa kisa, na kila mmoja wa wengine akashika mhusika wake: askari, mwizi, kuhani au mchawi. Na huyu mchawi si yule wetu wa kuogopwa na jirani. Huyu ni mtu wa vitabu. Kila asubuhi hudurusu manuizo yake, akayahifadhi kichwani, na akishalitamka moja limemtoka mpaka alihifadhi tena. Gygax aliipata fikra hiyo katika hadithi za mwandishi Jack Vance.

Nami niliujua mchezo huu nikiwa mwanafunzi huko huko Marekani, mwaka 2004, wakati wa baridi, theluji ilipotufungia ndani na hapakuwa na pa kwenda. Ndiyo maana mpwa wangu alinijia mimi.

Swali lake lilihusu vyeo vya heshima, kama ninavyoviita. Vilitiwa katika kitabu cha msimamizi mwaka 2000, toleo la tatu la mchezo lilipotoka, na vilikuwa 6 tu. Kitabu kiliposahihishwa mwaka 2003 vikawa 16. Mtu haanzi navyo. Huanza na kazi ya kawaida, akapanda ngazi, na akitimiza masharti ndipo huingia katika cheo. Masharti hayo ndiyo yanayowakamata vijana. Hayatimizwi kwa siku moja. Asiyeyapanga tangu ngazi za mwanzo hufika mlangoni akakuta hana ufunguo. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa na haraka ya bure.

Kwa mchawi, swali la kwanza ni moja, na mengine yote ni mapambo: je, cheo hiki kinaendeleza manuizo yangu, au kinayasimamisha? Ngazi ni 20 tu, na nuizo kuu kabisa, la daraja la 9, hupatikana mchawi anapotimiza ngazi ya 17 ya uchawi. Basi anazo ngazi 3 za kupoteza njiani. Akipoteza ya 4, hatalifikia kamwe, hata akicheza miaka 5.

Kuna cheo kiitwacho Loremaster, cha mjuzi wa mambo ya kale. Hakipotezi hata ngazi moja. Gharama yake ni vipaji na masomo ambayo pengine usingeyataka. Kuna Eldritch Knight, mchawi mwenye upanga, ambaye hupoteza ngazi moja anapoingia cheoni, licha ya zile alizotumia kujifunza silaha. Archmage ni wa wakubwa, ngazi 5 tu, na kila siri anayopewa huilipa kwa kutoa nafasi ya nuizo lake moja. Mimi nakiheshimu cheo hicho kwa kuwa bei yake imeandikwa wazi.

Halafu kuna Mystic Theurge. Hiki ndicho kilichoniponza.

Cheo hiki kinamwendeleza mtu katika uchawi na ukuhani kwa pamoja. Kila ngazi unayopanda, unapanda huku na huku. Nani asingekitamani? Lakini ili uingie, ni lazima uweze manuizo ya daraja la 2 kwa pande zote mbili, yaani ngazi 3 za uchawi na 3 za ukuhani. Kwa hiyo katika ngazi ya 6, mwenzako aliyeshika uchawi peke yake ana manuizo ya daraja la 3, na wewe bado unahangaika na ya 2. Mshika mbili, wahenga walisema, na mimi niliwasoma shuleni nikawasahau.

Tulikuwa wanne katika pango, ngazi ya 6, tukakutana na majitu matatu ya aina ya troll. Majitu haya ukiyakata hujiponya papo hapo; huzuiwa na moto au tindikali tu. Mchawi kamili angekuwa na tufe la moto, linalounguza kila kitu ndani ya futi 20 kila upande. Mimi nilikuwa na miali miwili ya moto, kila mmoja kwa adui mmoja. Nikaitupa, ikaisha. Niliyokuwa nayo baada ya hapo yalikuwa ya kuponya vidonda, na vidonda vilikuwa vikija kwa kasi kuliko mikono yangu. Askari wetu alisimama mlangoni ili sisi watatu tukimbie. Akafa.

Rafiki aliyemshika askari huyo alikuwa amemchezesha kwa miezi minane. Kumfufua kulihitaji kuhani wa ngazi ya 9, na almasi ya vipande 5,000 vya dhahabu. Sisi hatukuwa na kimojawapo. Hakunilaumu. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa koti, akasema amechoka. Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu.

Haki isemwe: nilipofika ngazi ya 10 nilikuwa na manuizo ya daraja la 4 ya pande zote mbili, na nikawa mtu wa maana. Lakini mezani tulikuwa tumebaki watatu.

Toleo la mwaka 2014 liliviacha vyeo hivi katika vitabu vyake vikuu, ila kitabu cha mpwa wangu ni cha zamani, na bado kinachezwa. Nilimweleza haya yote, nikamwambia ashike Loremaster.

Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akachukua penseli akaandika kwamba ngazi ya 4 ni ya ukuhani.

"Mjomba, sisi tuko watatu, na kuhani hatuna. Nani atatuponya?"

"Na majitu?"

Akaigeuza karatasi. Nyuma yake alikuwa ameorodhesha chupa za moto, vipande 20 vya dhahabu kila moja, nne kwa kila mtu.