Mianzi ya Mendha Lekha

Sensa ya India ya 2011 inakieleza kijiji kizima kwa mstari mmoja wa jedwali: kaya, wanaume, wanawake, watoto chini ya miaka 7, wanaojua kusoma, wenye kazi. Ni katika hiyo kazi ndipo vijiji vya Adivasi, wenyeji wa asili wa misituni, hupotea machoni petu.

Sensa hiyo iliwahesabu watu zaidi ya milioni 104 wa makabila hayo, yaani asilimia 8.6 ya Wahindi wote, na tisa kati ya kila kumi wanaishi vijijini. Wenye kazi waligawanywa mafungu manne: wakulima, vibarua wa mashambani, wenye viwanda vya nyumbani, na wengineo. Msitu haukupewa fungu. Tena aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwaka aliandikwa pembeni, mbali na wafanyakazi wakuu.

Sasa mtazame mama wa Kigondi, kabila mojawapo la Adivasi, mwezi Machi. Maua ya mti wa mahua hudondoka usiku, kwa hiyo alfajiri tayari ameinama na kikapu, anaokota moja moja. Chini ya mti amekwisha kuchoma majani makavu ili maua yaonekane. Ni manene, meupe yenye umanjano kidogo, yananata vidoleni kwa utamu. Yakianikwa juani huwa kahawia na kusinyaa kama zabibu kavu. Mengine huliwa, mengine huchachushwa kuwa pombe, yanayobaki huenda gulioni. Joto likizidi, anahamia kuchuma majani ya tendu, yale ya kuviringia sigara za bidi. Mvua ikinyesha ni mpunga, na hapo ndipo karani wa sensa anapomtambua kuwa mkulima.

Mpunga wa mvua moja haulishi nyumba mwaka mzima. Msitu ndio unaoziba pengo, na swali linalonikera ni hili: msitu ni wa nani?

Mendha Lekha, kijiji cha Wagondi wasiofika hata 600 katika wilaya ya Gadchiroli, jimbo la Maharashtra, kilipata jibu. Sheria ya Haki za Misitu ya 2006 iliruhusu vijiji kudai misitu ya asili yao, na mwaka 2009 kikakabidhiwa hati ya hekta zipatazo 1,800. Hata hivyo idara ya misitu iliendelea kuwakatalia mianzi yao, kwa hoja kwamba mwanzi ni mti wa mbao. Wanakijiji hawakurudi nyuma. Aprili 2011 Jairam Ramesh, waziri wa mazingira wa wakati huo, alifika kijijini mwenyewe, na mkutano wa kijiji ukakabidhiwa vibali vya kusafirishia mianzi.

Tangu hapo kijiji kikawa muuzaji. Wakataji ni wanakijiji wenyewe, ujira unatoka kwenye mauzo, na salio huingia mfuko wa pamoja. Maamuzi hayapigiwi kura. Watu huzungumza mpaka wote wakubaliane, hata kama itachukua vikao kadhaa. Naamini subira hiyo imewalinda kuliko hati yenyewe, kwa sababu dalali hana mtu wa kumnunua pembeni.

Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa ajili ya korona, na sasa imepangwa kukamilika 2027. Makarani watakapopita tena Gadchiroli, anayeishi kwa mahua, tendu na mianzi anastahili fungu lake.