Bwana Arusi Hakuchelewa

Jumamosi moja ya masika nilikaa ukumbini Makanyagio, mjini Mpanda, tangu saa nane mchana, tukiwangoja watu wa bwana harusi kutoka Sumbawanga. Saa mbili usiku mpishi alikuwa keshafunika pilau mara ya tatu, na shangazi wa bibi harusi amelala fofofo kitini, kilemba kimemwangukia usoni. MC akanishika bega: "Mwalimu, hawa wamechelewa au wamekawia?" Alikuwa ananitania, maana anajua nafundisha Kigiriki cha Agano Jipya. Lakini swali lenyewe lina maana.

Kuchelewa kumezaliwa na kucha: kumekuchea, jua limekukuta bado hujafika. Lazima iwepo saa ukaikosa. Kadi yetu iliandika saa nane, kwa hiyo wageni walichelewa, hakuna ubishi.

Kukawia ni jambo jingine. Katika Mathayo 25:5, kwenye mfano wa wanawali kumi, kitenzi cha Kigiriki ni khronizo, kutoka khronos, yaani muda. Kwa lugha ya mtaani ningesema "kula muda". Tena umbo lake pale ni la tendo linaloendelea: muda unakwenda, bwana arusi bado. Hakuna mahali mfano ule ulipotaja saa ya kufika, basi hakuna miadi iliyovunjwa. Kilichopungua ni mafuta, nayo yalipungua kwa kuwa watano walidhani usiku ungekuwa mfupi.

Kitenzi hichohicho kiko Luka 1:21, kwa Zakaria. Yeye hakuchelewa popote. Yumo hekaluni tayari, ila hatoki, na watu nje wanashangaa.

Biblia ya Union ya mwaka 1952 imetumia "kukawia" kote huko, na naona walichagua vema. Tatizo ni 2 Petro 3:9. Hapo Kigiriki kina braduno, kutoka bradus, mzito wa mwendo, na Petro anawajibu wanaodai kuwa Bwana anajikokota. Union imeandika kukawia hapo pia, na msomaji wetu haoni kwamba neno moja linapima muda na jingine linamlaumu mtu. (Waebrania 10:37 inakanusha khronizo yenyewe, na wanafunzi hupenda kunibana hapo. Huwajibu kwamba mwandishi yule anawatia moyo waliochoka, hasimulii harusi.)

Ukitaka kuyaona maneno haya nje ya kamusi, nenda Katumba au Mishamo, hapahapa Katavi, kwa wazee waliotoka Burundi mwaka 1972. Pamoja na wenzao wa Ulyankulu, Tabora, zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Kwa miaka hiyo minne mtu alikuwa keshaukana uraia wa Burundi, na hana karatasi ya kuonyesha kuwa ni Mtanzania. Ilikuwa khronizo au braduno? Mimi nina jibu langu, lakini aliyengoja ndiye mwenye haki ya kuchagua neno.

Msafara wa Sumbawanga uliingia saa tatu kasorobo, kwa maelezo ya pancha mbili. Vigelegele vilipigwa gizani. Jenereta lilikuwa limezimika muda si mrefu, na kijana wake alikuwa ametumwa sheli kununua petroli.